Marekani ni Moja, Majimbo ni Hamsini: Ndugu Yako Anaishi Lipi, na Anabakiwa na Nini?

Kila tunapozungumzia maisha ya ughaibuni katika vipindi vyetu, swali moja hurudi kwa sura mbalimbali: jimbo gani la Marekani ni zuri kuishi? Wapo wanaouliza kwa sababu wanajiandaa kusafiri. Wengi zaidi wanauliza kwa sababu wana ndugu huko, na hawaelewi kwa nini kaka aliyeko Texas amenunua nyumba wakati dada aliyeko Massachusetts, mwenye mshahara mkubwa kuliko yeye, bado anapanga chumba.

Kwa mkoa wetu wa Kigoma swali hili si la mbali. Kutoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, maelfu ya wakimbizi wa Kongo wamepelekwa kuanza maisha mapya Marekani. Waliokuwa majirani leo wametawanyika: mmoja Kentucky, mwingine Iowa, mwingine Texas. Simu zinapigwa, fedha zinatumwa, na zisipotumwa maneno yanaanza. Mara nyingi ugomvi huo unatokana na jambo dogo ambalo halijaelezwa vizuri: dola 1,000 za jimbo moja si sawa na dola 1,000 za jimbo jingine.

Jibu letu fupi ni kwamba hakuna jimbo lililo bora kwa kila mtu, ila kuna mpangilio unaoonekana ukiyalinganisha. Majimbo yenye gharama ndogo hukupa nafuu katika siku za kawaida, ukiwa mzima wa afya na una kazi. Majimbo mengi yenye kodi kubwa hukukata kila mwezi, lakini siku mbaya ikifika hukushika mkono. Anayechagua jimbo kwa kutazama siku njema peke yake anaweza kujuta siku ya kwanza atakapougua au kufukuzwa kazi.

Katika makala haya hatugusi habari za viza. Mlango huo hufunguliwa na kufungwa kwa amri za serikali ya Washington, na hubadilika haraka. Tunaeleza maisha ya mtu ambaye tayari yuko huko kihalali. Takwimu za mishahara na kodi tulizotumia ni za mwaka 2025.

Jimbo si mkoa

Wengi wetu hulifananisha jimbo la Marekani na mkoa wa Tanzania. Hapa kwetu mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na kodi inayokatwa kwenye mshahara ni ileile Kigoma na Dar es Salaam. Jimbo la Marekani lina gavana aliyechaguliwa na wananchi, bunge lake, mahakama zake na sheria zake za kodi. Texas peke yake ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 696,000, yaani kama robo tatu ya Tanzania nzima. California ina watu wapatao milioni 39.

Serikali kuu ya Marekani inashughulikia uhamiaji, jeshi, sarafu na kodi ya mapato ya taifa. Karibu kila mwajiriwa, awe Alaska au Florida, hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 kwa ajili ya bima ya afya ya wazee. Makato hayo hayakwepeki kwa kuhama jimbo.

Jimbo ndilo linaloamua mengi yanayomgusa mtu wa kawaida: kama kutakuwa na kodi nyingine ya mapato juu ya ile ya taifa, kima cha chini cha mshahara kitakuwa kiasi gani, mpangaji aliyechelewa kulipa anapewa siku ngapi kabla ya kupelekwa mahakamani, maskini anapata bima ya afya au hapati, na asiye na kazi analipwa nini wakati anatafuta nyingine.

Mfano mzuri ni kima cha chini. Sheria ya taifa inasema dola 7.25 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu Julai 2009. Texas, Georgia, Kentucky, Tennessee, Iowa na Pennsylvania wamebaki hapo hapo. Wakati huo huo, mwaka 2025 kima cha chini Minnesota kilikuwa dola 11.13, Maine dola 14.65, Massachusetts dola 15, California dola 16.50 na jimbo la Washington dola 16.66. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima kwa dola 7.25 anapata dola 15,080 kabla ya makato. Kazi hiyo hiyo kwa kima cha chini cha California cha mwaka 2025 ilimpa dola 34,320. Ni kweli kwamba katika miji kama Dallas waajiri wengi hulipa zaidi ya kima cha chini, kwa sababu wasipofanya hivyo hawapati watu. Lakini hiyo ni nguvu ya soko. Soko likilegea, sheria ya jimbo haikulindi.

Texas: mshahara haukatwi na jimbo, lakini gari ni lazima

Texas ni miongoni mwa majimbo machache yasiyotoza kodi ya jimbo kwenye mshahara, pamoja na Florida, Tennessee, Nevada, South Dakota na Wyoming. Hilo peke yake limevuta watu wengi. Kuna mambo mengine pia. Nyumba ni nafuu ukilinganisha na pwani za mashariki na magharibi, ajira zipo za kila namna, kuanzia maghala na ujenzi hadi hospitali na udereva wa malori ya masafa marefu, na joto lake haliwasumbui sana watu waliotoka kwetu. Houston na Dallas zina jamii kubwa za Wakenya, Watanzania na Wakongo. Mgeni hapati shida kupata mtu wa kumwelekeza kwa Kiswahili.

Sasa tugeuze upande wa pili. Serikali haiendeshwi bila fedha, na kinachosamehewa kwenye mshahara hutafutwa kwingine. Kodi ya majengo ya Texas, ambayo mwenye nyumba hulipa kila mwaka kulingana na thamani ya nyumba yake, ni miongoni mwa za juu nchini. Anayepanga asidhani imempita, maana mwenye nyumba huiingiza kwenye pango. Dukani kuna kodi ya mauzo inayofika asilimia 8.25 katika miji mingi, ingawa vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi.

Halafu kuna gari. Miji ya Texas imetandazwa kwa upana, na mabasi hayafiki kila mahali. Familia yenye wafanyakazi wawili wenye zamu tofauti mara nyingi hujikuta inahitaji magari mawili, na kila gari lina mkopo, bima, mafuta na fundi wake. Anayetoka nchi ambako daladala au bodaboda humfikisha kokote huwa hakuipangia bajeti gharama hiyo.

Jambo zito zaidi ni afya. Bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini huitwa Medicaid. Serikali kuu iliyapa majimbo nafasi ya kuipanua ili iwafikie watu wazima wengi zaidi, na majimbo 40 yamekubali. Texas ni moja ya 10 ambayo hayakukubali. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hawezi kupata Medicaid huko hata kipato chake kikiwa sifuri. Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya nchini Marekani. Sheria ya taifa ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye kitengo cha dharura kumhudumia mgonjwa aliye hatarini bila kuuliza fedha kwanza. Bili humfuata nyumbani baadaye.

Na mpangaji anayechelewa kulipa anaweza kupewa notisi ya siku 3 tu kabla ya mwenye nyumba kwenda mahakamani, labda mkataba useme vinginevyo. Februari 2021 Texas ilionja pia siku mbaya ya aina nyingine. Baridi kali iliangusha mfumo wa umeme ambao kwa sehemu kubwa haujaunganishwa na majimbo mengine. Mamilioni ya watu walikaa gizani bila joto, na zaidi ya 200 walifariki dunia.

Minnesota: baridi nje, msaada ndani

Ukitaka kinyume cha Texas, nenda kaskazini hadi Minnesota. Miji yake pacha, Minneapolis na St. Paul, ndiyo yenye jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani. Wengi wao walipitia Dadaab na Kakuma nchini Kenya, kwa hiyo si ajabu kusikia Kiswahili kwenye duka la nyama ya halali.

Jimbo hili linatoza kodi ya mapato inayoanzia asilimia 5.35 na kufika asilimia 9.85 kwa matajiri. Lakini angalia zinakokwenda fedha hizo. Tangu mwaka 2023 watoto wa shule za umma wanapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, bila kujali kipato cha mzazi. Mwaka huo huo jimbo lilianzisha nafuu ya kodi ya dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia zenye kipato kidogo, na familia hulipwa fedha hiyo hata kama haidaiwi kodi. Kuanzia muhula wa mwisho wa mwaka 2024, mwanafunzi mkaazi ambaye familia yake inapata chini ya dola 80,000 kwa mwaka anaweza kusoma chuo cha umma bila kulipa ada ya masomo. Medicaid ilipanuliwa. Mpangaji aliyeshindwa kulipa lazima apewe notisi ya siku 14 kabla ya kesi. Na kati ya Oktoba mosi na Aprili 30, kampuni ya umeme au gesi haiwezi kumkatia huduma ya joto mteja aliyekubaliana nayo mpango wa kulipa na anayeutimiza.

Gharama yake ni majira ya baridi. Theluji inaweza kuanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na usiku wa Januari kipimo hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Mtu anahitaji koti zito, viatu vya theluji, glavu na fedha za kupasha nyumba joto. Nafuu ndogo ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo. Lakini baridi ina gharama isiyoonekana kwenye risiti. Watu hujifungia ndani, jua huzama mapema, na mgeni aliyezoea kukaa barazani na majirani hupata upweke unaomwelemea. Aidha, sifa ya Minnesota kama jimbo linalojali haiwafikii wote kwa kiwango kimoja: pengo la umiliki wa nyumba kati ya weupe na weusi huko ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini.

Hesabu ya dola 82

Hapa tusimame tupige hesabu, maana kauli kwamba “Texas hakuna kodi” ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Tuchukue mfanyakazi mmoja asiye na mtoto, anayelipwa dola 16 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 52. Kwa mwaka anapata dola 33,280. Akiwa Minnesota, dola 14,950 za mwanzo hazitozwi kodi ya jimbo. Zinabaki dola 18,330, zinazotozwa asilimia 5.35. Kodi yake ya jimbo ni kama dola 980 kwa mwaka, au takriban dola 82 kwa mwezi.

Kwa hiyo mtu huyu akihamia Texas kwa mshahara uleule, faida yake kwenye kodi ya mshahara ni dola 82 kwa mwezi. Si fedha ya kudharau. Ukiituma Kigoma inanunua unga wa kutosha. Lakini gari moja la lazima linaimeza yote na kudai nyongeza. Mwenye watoto wawili na kipato hicho, anayeweza kupata ile nafuu ya kodi ya watoto, anaweza kukuta Minnesota inamlipa badala ya kumtoza.

Hali ni tofauti kwa muuguzi, mhandisi au dereva mwenye lori lake anayepata dola 120,000 kwa mwaka. Kwake kodi ya Minnesota ni maelfu ya dola, bima ya afya anaweza kuinunua au anapewa na mwajiri, na gari analo tayari. Kwa mtu wa namna hiyo Texas inalipa kweli. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu jimbo lililo bora na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Maine: mahali palipofungua mlango

Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliwasili Portland, jimbo la Maine, ncha ya kaskazini mashariki ya Marekani. Walikuwa wamevuka mpaka wa Mexico na kuingia Texas, na wengi walipanda mabasi kutoka San Antonio, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Jiji la Portland liliwalaza kwa muda kwenye ukumbi wake wa michezo.

Kwa nini watu watoke Texas yenye joto na kazi, waende kwenye theluji? Jibu liko kwenye sheria. Mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi mara anapofika. Kwa utaratibu uliokuwapo wakati huo, kibali cha kazi hakikutoka kabla ya kama miezi 6 tangu awasilishe maombi. Katika miezi hiyo hana mshahara, na jimbo lisilo na kodi halimsaidii mtu asiye na mshahara. Maine ilikuwa na msaada wa pango na chakula ambao waomba hifadhi waliruhusiwa kuupata. Kwa mtu aliye kwenye siku mbaya, hilo lilikuwa na uzito kuliko hali ya hewa.

Kibali kikishatoka, kazi zipo. Maine ndilo jimbo lenye watu wenye umri mkubwa zaidi nchini, kwa hiyo nyumba za wazee na huduma za majumbani zinatafuta wafanyakazi kila siku. Uhalifu wa kutumia nguvu ni mdogo ukilinganisha na majimbo mengi. Shida kubwa ni nyumba: ni chache, na pango la Portland limepanda kiasi kwamba wengi wamesogea Lewiston na miji mingine midogo. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, na bei ya mafuta ikipanda duniani, kila familia inaihisi sebuleni.

Kentucky na Iowa: katikati ya mizani

Tukisema majimbo nafuu yana ulinzi mdogo na ya gharama yana ulinzi mkubwa, tunaeleza mwelekeo, na mwelekeo huo una mapengo yake. Kentucky ni mfano. Kima cha chini ni kilekile cha dola 7.25 na pango ni dogo, lakini jimbo lilipanua Medicaid tangu mwaka 2014. Louisville ina kituo kikubwa cha ndege za mizigo cha kampuni ya UPS, ambacho huajiri watu wengi kwa zamu za usiku. Huko Lexington, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa na wanafunzi wengi baada ya Kiingereza na Kihispania. Mama aliyefika bila Kiingereza ana uwezekano mzuri wa kupata mtu wa kumtafsiria hospitalini. Kasoro ni kwamba usafiri wa umma ni hafifu, na mishahara kwa ujumla iko chini ya ile ya pwani.

Iowa imewapokea Warundi na Wakongo wengi, hasa Des Moines na Cedar Rapids. Nyumba ni za bei ya wastani, miji ni tulivu, Medicaid imepanuliwa. Viwanda vya nyama huajiri watu wasiojua Kiingereza vizuri na hulipa juu ya kima cha chini. Lakini ni kazi ya kusimama saa nyingi kwenye baridi, mkono ukirudia mkato uleule maelfu ya mara kwa zamu, na viganja na mabega huumia. Wengi huifanya ili kupata mtaji wa kuondokea, na wachache ndio wanaotamani kuzeekea humo.

Kwa mkimbizi, ieleweke kwamba mara ya kwanza hupangiwa mji na shirika linalompokea, kwa kawaida karibu na ndugu kama anao. Anaruhusiwa kuhama, lakini msaada wa siku 90 za mwanzo umefungwa na mahali alipopangiwa. Anayekimbilia jimbo jingine wiki ya tatu kwa sababu ameambiwa “huku kuna hela” anaweza kuuacha nyuma.

California, New York na Florida: majina makubwa

California ina mishahara mikubwa, hali ya hewa ya upole ufukweni na vyuo vya kati vinavyotoza mkaazi dola 46 kwa kila yuniti ya somo. Lakini bei ya kati ya nyumba ya familia moja imepita dola 800,000, na mfanyakazi wa kawaida anaweza kusafiri saa mbili kwenda kazini kwa sababu hana uwezo wa kuishi karibu. Moto wa nyika ni hatari ya kweli. Januari 2025 uliteketeza maelfu ya nyumba katika maeneo ya Los Angeles, na bima ya nyumba imekuwa ngumu kupatikana katika sehemu nyingi za jimbo.

Jiji la New York lina faida ambayo jiji jingine la Marekani halina kwa kiwango hicho: treni zinatembea saa 24, na kaya nyingi hazina gari kabisa. Mwaka 2025 ulivuka jiji zima kwa nauli ya dola 2.90. Fedha ambayo mtu wa Houston anaiweka kwenye gari, mtu wa New York anaiweka kwenye pango, na mara nyingi pango huchukua zaidi ya hiyo, kwa chumba ambacho Kigoma tungekiita stoo.

Florida haitozi kodi ya mshahara na haina baridi. Ina vimbunga. Kimbunga Ian cha Septemba 2022 kiliua zaidi ya watu 100 na kuharibu miji ya kusini magharibi, na bima ya nyumba huko ni miongoni mwa za juu kabisa nchini. Anayepoteza kazi hulipwa na jimbo dola zisizozidi 275 kwa wiki, kwa muda ambao kazi zikiwa nyingi hauzidi wiki 12. Massachusetts, ambako watu wasio na bima ya afya ni wachache kuliko jimbo lolote, humlipa aliyekuwa na mshahara mkubwa zaidi ya dola 1,000 kwa wiki, kwa kawaida hadi wiki 26. Dada yetu anayepanga chumba hapati nyumba haraka, lakini akiangushwa na maradhi au kufungwa kwa ofisi, ana mahali pa kushika.

Vyeti na sheria haviwi halali kila mahali

Kabla ya kuhama jimbo, kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni leseni ya kazi. Majimbo zaidi ya 40 yamekubaliana kutambua leseni moja ya muuguzi, lakini California, New York na Minnesota hazimo. Kwa wauguzi wasaidizi, kazi inayofanywa na wageni wengi, sheria ya taifa inataka saa 75 za mafunzo. Maine inataka 180. Aliyesoma saa 75 akahamia huko anaweza kurudi darasani.

La pili ni ada ya chuo. Vyuo vya umma vina bei mbili, moja kwa mkaazi na moja kwa mgeni wa jimbo, na ya mgeni mara nyingi ni mara mbili au tatu. Ukaazi kwa kawaida huhesabiwa baada ya miezi 12. Familia inayohama mtoto akiwa darasa la mwisho la sekondari inaweza kulipa maelfu ya dola kwa haraka hiyo.

La tatu ni bangi. Colorado, California na majimbo mengine mengi yanairuhusu kwa watu wazima. Sheria ya taifa bado inaikataza, na uhamiaji ni jambo la taifa. Mtu ambaye si raia anaweza kuharibu maombi yake ya uraia, hata kupoteza haki ya kuingia tena nchini, kwa kitu ambacho jirani yake raia ananunua dukani kihalali.

Kwa sisi tulio nyumbani

Kama una ndugu anayepanga kuhama jimbo, au unajaribu kuelewa kwa nini hali yake iko ilivyo, acha kumuuliza analipwa kiasi gani. Muulize haya:

1. Baada ya pango, gari, bima na makato, anabakiwa na kiasi gani kwa mwezi?
2. Akiugua wiki sita, nani atalipa hospitali, na pango litatoka wapi?
3. Akipoteza kazi, jimbo litamlipa kwa wiki ngapi?
4. Leseni au cheti chake kitakubalika anakokwenda?
5. Watoto wako darasa la ngapi?
6. Kuna mtu anayemfahamu huko ambaye atamfungulia mlango saa nane usiku?

Swali la sita halina takwimu, lakini ndilo lililowafanya wengi wabaki Minnesota licha ya baridi na Texas licha ya bili za hospitali. Ndugu na majirani ni bima pia, na haihitaji kibali cha jimbo.

Kijana mzima wa afya, mwenye leseni ya lori na asiye na familia, ana sababu nzuri za kuchagua Texas au Florida. Mama mwenye watoto watatu na kipato kidogo, au mzee mwenye kisukari, ana sababu nzuri za kuvumilia theluji na kodi za Minnesota. Na anayetuma fedha kutoka jimbo lolote kati ya hayo hamsini anatuma kinachobaki baada ya mambo ambayo sisi hatuyaoni.

Ukitaka kumuuliza mwenyewe, kumbuka saa. Wakati wa baridi, saa 3 usiku hapa Kigoma ni saa 6 mchana Minnesota na Texas ya mashariki, saa 7 mchana Maine, na saa 4 asubuhi California. Huenda akawa kwenye mapumziko ya chakula, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye swali la kwanza.